Jani la Msitu Mbele ya Mizani

Miongoni mwa maswali ambayo wanadamu wamerithishana tangu zama za Wayunani, pasiwe na kizazi hata kimoja kilichothubutu kusema kuwa kimeyamaliza, limo hili: kila kilichoumbwa kimeumbwa kwa ajili ya nani? Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, alilijibu kwa ufupi wa mtu asiye na shaka, kwamba mimea ipo kwa ajili ya wanyama, na wanyama wapo kwa ajili ya binadamu. Na jibu hilo likapendeza mno, kwa kuwa aliyelitoa ni binadamu na waliolipokea ni binadamu, hata likaingia katika maandiko ya wanazuoni wa dini zaidi ya moja na kukaa humo kana kwamba limeteremshwa pamoja na vitabu vyao.

Swali hilo limenirudia, si katika kusoma falsafa, bali katika kusoma taarifa za wataalamu wa lishe ya kuku. Katika vyuo vya kilimo vya nchi za joto, kwa miaka mingi sasa, majani ya miti ya mwituni na ya kupandwa yamekuwa yakichumwa na kujaribiwa katika chakula cha kuku, kwa sababu iliyo wazi kwa kila mfugaji: soya na dagaa ni ghali, na msitu umejaa majani yenye protini ambayo hayauzwi na mtu. Namna ya majaribio hayo yastahili kuelezwa, kwani hoja yangu nzima imesimama juu yake. Majani ya mlusina, kwa mfano, huanikwa kivulini ili jua kali lisiyaharibu, yakasagwa na kuchekechwa hata yakawa unga wa kijani. Vifaranga waliototolewa siku moja wakagawanywa kwa kura katika vyumba. Kundi la kwanza likapewa chakula kisicho na chembe ya jani, la pili chenye sehemu 5 za unga huo katika kila 100, la tatu sehemu 10, na pengine la nne 20. Kila wiki kifaranga hutiwa mizanini, na chakula kilichosalia kihorini nacho kikapimwa, ili ijulikane kala kiasi gani na kanenepa kiasi gani. Na muda ukiisha baadhi yao huchinjwa, firigisi na ini na utumbo vikatazamwa kimoja kimoja. Jawabu, aghalabu, huwa la wastani: jani likiwa kidogo halidhuru, na kiini cha yai hupata umanjano wa kupendeza, likizidi, kuku hudumaa. Mlusina una sumu iitwayo mimosini, na ndiyo inayomzuia kuku kukua na kutaga, ijapokuwa imeonekana kuwa salfeti ya chuma ikichanganywa na unga huo hupunguza madhara yake.

Hii ni elimu ya halali na yenye heri, na mimi si katika wale wanaoibeza. Mama wa kijijini anayeuza mayai trei moja kwa juma apate ada ya shule ya mwanawe hana haja ya kufundishwa na mwandishi wa insha kuwa jani lisilomgharimu kitu ni rehema. Walakini pana jambo ambalo taarifa hizo hulipita kimya. Jani husemwa kuwa lina faida kwa kuku, na faida yenyewe hupimwa kwa gramu za nyama na idadi ya mayai, vitu viwili ambavyo kuku mwenyewe havimfai kitu, na kimoja kati ya hivyo ndicho kinachomwitia kisu. Kuku wa nyama wa siku hizi hufikia kilo 2 kabla ya kutimiza wiki 6, na jinsi anavyofanikiwa kunenepa ndivyo ajali yake inavyomkaribia. Jamaa yake wa asili, kuku mwekundu wa mwituni, angali hai katika misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, akichakura majani makavu chini ya mianzi, akiokota mbegu na mchwa, na jua likichwa akiruka mtini kulala. Huyo alijuana na jani kabla ya mtaalamu yeyote, na kwake msitu haukuwa nyongeza ya sehemu 5 katika 100. Kwa hiyo tuliletapo jani la msitu mbele ya kuku wa bandani ili atoe hukumu, hakimu tuliyemteua ni kiumbe tuliyemgeuza kwa kadiri ya haja zetu wenyewe, na hukumu yake haiwezi kuwa nyingine ila yetu.

Na jani nalo, je, lilikusudia nini? Mkulima wa Dodoma au Singida anayelima mtama mwekundu anaweza kutupa mwanzo wa jibu. Kweleakwelea washukapo shambani kama wingu, mtama mweupe huliwa ukaisha, ilhali ule mwekundu wenye ukakasi, ukakasi kama wa bibo unaokausha ulimi na kukunja uso, huachwa mpaka njaa iwazidi. Ukakasi huo hutokana na tanini, vitu ambavyo hushikamana na protini na kuifanya isimeng'enywe tumboni. Na ndiyo maana mtama uleule unaosifiwa shambani hulaumiwa bandani, kwa kuwa kuku naye ni ndege, na silaha ya mtama haikupewa agizo la kumbagua ndege mwenye bwana na ndege asiye na bwana. Mkulima huyo humshukuru Mungu kwa tanini asubuhi na kuilalamikia jioni, na mtama umebaki ni uleule.

Linalosemwa juu ya mtama ni kweli zaidi juu ya mwitu. Tanini, saponini, alikaloidi, na mafuta yenye harufu kali ambayo watafiti huyatafuta majanini ili yaue vijidudu vya tumbo la kuku, hayakuwekwa humo kama tunu inayomngoja mwenyewe. Ni zana za vita ambavyo sisi hatumo, vita vya jani na kiwavi, vya mbegu na kuvu. Mwaka 1970 Daniel Janzen, ambaye kazi yake kubwa aliifanya katika misitu ya Costa Rica, na mwaka 1971 Joseph Connell, aliyekuwa akichunguza misitu ya Queensland huko Australia, walifikia rai moja kila mtu kwa njia yake: kwamba chini ya mti mzazi hukusanyika maadui waliozoea kuzishambulia mbegu zake hasa, hata miche yake ikafa pale ilipojazana, na ile iliyochukuliwa mbali na ndege au popo ikasalimika, na nafasi inayobaki wazi karibu na mzazi ikashikwa na mti wa ukoo mwingine. Rai hiyo imejaribiwa mara nyingi tangu hapo, ikathibiti mahali pengi ingawa si pote. Pale inapothibiti, wingi wa aina za miti tunaoustaajabia, hata tukaona katika eneo dogo la msitu aina nyingi za miti kuliko katika misitu mizima ya nchi za baridi, umetokana kwa sehemu na uadui. Na tunachokiita faida ya jani ni masalio ya ugomvi wa watu wengine, tuliyoyaokota njiani tukayaona yanatufaa. Muumini ataniambia kuwa Muumba hashindwi kukusudia mambo mawili, au elfu, kwa jani moja. Nakubali bila ya kusita. Lakini asemaye hivyo amekwisha kukiri kuwa kusudio juu ya binadamu ni moja katika hayo elfu, na kwamba mlolongo wa Aristotle, uliopandia kwake yeye ukakomea hapo, umekatika.

Sasa yuko mtetezi wa msitu ambaye huijia kesi hii kwa mlango mwingine, naye hana haja ya kubishana juu ya makusudio. Yeye husema: tuhifadhi kila mmea, maana hatujui upi utatufaa kesho. Hoja yake ina nguvu, na sijui kisa kinachoipa nguvu kuliko kile cha kuku wa Java. Mwaka 1886 serikali ya Uholanzi ilipeleka matabibu Batavia kuchunguza beriberi, maradhi yaliyowalegeza miguu askari na wafungwa hata yakawafikia moyoni na kuwaua. Christiaan Eijkman, aliyebaki huko akiongoza maabara ndogo katika hospitali ya jeshi, aliona kuku wake wakipepesuka, wakianguka ubavu, wakishindwa kusimama. Kisha, bila ya dawa yoyote, wakapona. Alipodadisi akapata habari kuwa mtumishi alikuwa akiwalisha wali mweupe uliobaki jikoni mwa hospitali, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa katakata kuona chakula cha jeshi kikipewa kuku wa raia. (Ubahili wa mpishi yule, kwa maoni yangu, umeifaa dunia kuliko ukarimu wa watu wengi waliojengewa sanamu.) Mchele uliokobolewa hata ukang'aa ndio ulioleta ugonjwa, na wishwa, lile vumbi jekundu linalopetwa na kutupwa, ndilo lililouponya. Adolphe Vorderman akakagua magereza ya Java, akakuta beriberi imeshamiri walikokula mchele mweupe na kuwa adimu walikokula mchele wenye ngozi yake. Eijkman mwenyewe alidhani kuwa wali una sumu na wishwa ni kiua sumu. Gerrit Grijns ndiye aliyesema mwaka 1901 kuwa hapana sumu hapo, bali kuna kitu kilichokosekana. Ilichukua robo karne zaidi kukipata: mwaka 1926 Jansen na Donath, hukohuko Java, wakakitoa kitu hicho katika wishwa kikiwa fuwele safi, nacho ndicho tunachokiita leo vitamini B1; na mwaka 1929 Eijkman, akiwa mzee karibu ya kufa, akapewa nusu ya Tuzo ya Nobel.

Basi husemwa: tazameni, takataka ya jana ni dawa ya leo, asiyejua thamani ya kitu asikitupe. Vizuri. Lakini kisa hicho hakikuishia mwaka 1929, na sehemu yake ya mwisho haisimuliwi sana mikutanoni. Mwaka 1936 Robert Williams, Mmarekani, alifaulu kuiunda vitamini ileile kwa kemia, bila ya wishwa. Na leo hutengenezwa viwandani, ikatiwa katika chakula cha kuku kwa kipimo kidogo sana, na mwenye kiwanda hana haja tena ya kujua mchele ulikuwa na ngozi ya rangi gani. Hivyo ndivyo ilivyo tabia ya faida: ikiisha kunyakuliwa, humwachisha kazi aliyeileta. Mtetezi aliyeusimamisha msitu juu ya nguzo hiyo ameusimamisha juu ya kitu ambacho siku ya kufanikiwa kwake ndiyo siku ya kuondoka kwake.

Kama mtu anataka ushahidi wa karibu zaidi, na aende Usambara. Katika vivuli vya milima ile, juu ya miamba yenye unyevu, huota ua dogo la zambarau lenye majani ya vinyweleo, ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani mwaka 1892, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la kitaalamu kwa heshima ya ukoo ule. Hivi leo ua hilo liko madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani kwa mamilioni, limezalishwa kwa rangi ambazo Usambara haikupata kuziona, na wenye bustani wamechuma fedha nyingi kwalo. Walakini hakuna hata chungu kimoja cha hayo kinachohitaji kivuli cha mlima, na jamaa zake wa mwituni huzidi kuwa adimu kila miti iliyowafunika inapoangushwa. Faida ya ua imethibiti kwa ithibati isiyo na mpinzani, na mlima haukupata kitu. Amani, katika milima hiyohiyo, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, wakaleta miti kutoka pembe zote za dunia ili kujaribu upi unafaa; sina shaka kuwa walikuwa watu hodari, lakini swali walilokuja nalo lilikuwa moja tu, na milima ile ina majibu ya maswali mengi ambayo hayakuulizwa.

Na lile jani lililojaribiwa likaonekana halimfai kuku? Hilo ndilo jaribio halisi la falsafa yetu, kwa kuwa majani ya namna hiyo ndiyo mengi. Mtafiti mwaminifu huandika katika taarifa yake kuwa halikuleta tofauti, au lilidhuru, naye ametimiza wajibu wake. Lakini tukiwa tumekwisha kukubaliana kuwa kitu huhifadhiwa kwa kuwa kinafaa au huenda kikafaa, taarifa hiyo, bila ya mwandishi wake kukusudia, ni sehemu ya kibali cha kuukata mti ule. Mwenye shoka hakosi mantiki. Mantiki hiyo tumempa sisi.

Wanazuoni wa kale walifika hapa kabla yetu, na baadhi yao walikataa kuingia katika mtego. Musa bin Maimun, tabibu na mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyezaliwa Kurtuba na kufariki Misri mwaka 1204, na ambaye kitabu chake kikuu cha falsafa alikiandika kwa Kiarabu, alieleza waziwazi kuwa si sahihi kuitakidi kuwa viumbe vyote vimeletwa kwa ajili ya mwanadamu, bali kila kimoja kimekusudiwa kwa dhati yake. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, alijaza kurasa zisizo na idadi katika kitabu chake cha wanyama kwa mjadala wa mtetezi wa mbwa na mtetezi wa jogoo. Msomaji mwenye haraka hudhani ni mzaha, na mzaha umo, ila chini yake imo itikadi kuwa kiumbe kinyonge na kilichodharauliwa kina dalili za hikima ya Muumba sawasawa na kile kikubwa kinachotukuzwa, na kwamba akili inayochagua pa kutazama kwa kipimo cha ukubwa ni akili iliyopofuka.

Maandiko yenyewe, yakisomwa kwa utulivu, hayampi Aristotle ushindi ambao wafuasi wake walidhani wanaupata humo. Ni kweli kuwa Kurani inataja kutiishwa kwa vilivyomo mbinguni na ardhini kwa ajili ya watu, na kweli kuwa kitabu cha Mwanzo kinampa Adamu utawala. Lakini sura ileile ya kwanza ya Mwanzo inawapa ndege na wanyama majani mabichi kuwa chakula chao, kwa amri iliyotoka moja kwa moja kwa Muumba, pasipo kumpitia Adamu. Na katika Sura ya Al-An'am ndege warukao wametajwa kuwa ni umma mfano wetu. Iko pia hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, isemayo kuwa Mwislamu akipanda mti, kisha akala kwao mtu au mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Na katika mapokezi mengine ya Muslim hata kilichoibwa kimehesabiwa humo. Mtu akiitazama vizuri ataona kuwa ndege hapa hakutajwa kama mali ya mpandaji, wala haikuulizwa kama atanenepa, wala kama atarudi kutaga yai uani mwa mwenye mti. Ndege ndiye mstahiki wa sadaka, na sadaka hupewa mwenye haki ya kupokea. Mwizi amehesabiwa pamoja naye, jambo ambalo linatutoa kabisa katika uwanja wa hesabu ya mapato.

Kwa vitendo, mfano ulio karibu yetu ni kaya za Mijikenda katika pwani ya Kenya, vile vipande vya msitu vilivyosimama katikati ya mashamba kuanzia Kwale hadi Kilifi, ambavyo UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Wataalamu wa mimea walipoingia humo walikuta miti na vichaka vilivyo adimu au visivyoonekana kwingine, na sababu haikuwa kwamba wazee wa kaya walifahamu faida ya kila kimoja. Wao walikataza kwanza, kisha wakaruhusu kidogo kidogo, kwa idhini na kwa masharti. Ilhali desturi yetu ya leo ni kuruhusu kwanza, kisha tukakataza pale panapobaki kisiki. Nisije nikawapamba wazee wale kupita kiasi: kaya ilikuwa ngome yao wakati wa vita, pana makaburi ya mababu na vitu vya siri vilivyozikwa, kwa hiyo nao walikuwa na haja zao. Ila haja hizo ziliuhusu mwitu mzima kwa jumla, na ndani ya katazo hilo mche usio na jina uliweza kuota na kuzeeka bila ya mtu kuutaka uthibitishe kazi yake.

Katika karne ya 10 jumuiya ya wanafalsafa wa Basra waliojiita Ikhwan as-Safa, walioyaficha majina yao wenyewe, waliandika waraka ambamo wanyama wanamshitaki binadamu mbele ya mfalme wa majini kwa kuwatia utumwani bila ya hujja. Binadamu hujisifu kwa umbo lake lililosimama wima, akajibiwa kuwa kila mnyama ameumbwa kwa kadiri ya mahitaji yake. Hujisifu kwa ufundi wa mikono, akaonyeshwa nyuki. Hujisifu kwa vyakula vitamu, akakumbushwa maradhi aliyoyapata kwa vyakula hivyo. Hoja zake huanguka moja baada ya moja, hata alipotaja ufufuo na ahadi za Peponi akaambiwa kuwa ahadi hizo zimefuatana na ahadi za Moto. Mwisho kesi ilimwendea yeye, kwa sababu ya uzima wa milele aliowekewa, na kwa kuwa miongoni mwa jinsi yake wametokea manabii na mawalii, na wanyama wakaridhi. Sisi wengine, tusio manabii wala mawalii, tumeendelea kuishika hukumu hiyo kwa miaka elfu moja na zaidi, na sijasikia kuwa mtu ametuuliza tumeipokea kwa hati gani.